Kisanduku Kimoja cha Mfadhili

Siku nyingi sijaandika hapa. Kazi zimenizidi, na huku Kanduyi mvua ikianza tu saa kumi jioni, umeme nao unaaga. Leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Wiki hii nzima nimekuwa nikikaa na mpwa wangu tukijaza fomu ya viza ya mwanafunzi, na nimekumbuka mambo ya mwaka 2007 ambayo sijawahi kuyaandika popote.

Mpwa wangu amepata nafasi ya chuo Marekani. Kwa wasiojua safari hiyo ilivyo: chuo kinakutumia hati iitwayo I-20, unalipa dola 350 za SEVIS (hiyo ni hifadhidata ya serikali yao inayofuatilia wanafunzi wa kigeni), unalipa dola nyingine 185 za viza yenyewe, unajaza fomu ya DS-160 mtandaoni, halafu unakwenda kuhojiwa Gigiri, Nairobi. Tangu Juni 2025 wanataka pia kurasa zako za mitandao ya kijamii ziwe wazi kwa kila mtu. Mpwa wangu alitumia jioni nzima kufuta picha, nikamwambia aache, picha za mtu akila mahindi ya kuchoma hazina hatari kwa taifa lolote.

Mimi sikwenda Marekani. Mwaka 2007 nilikuwa nafanya kazi kwenye saiba moja mjini Bungoma, kompyuta sita na intaneti ya kusuasua, shilingi moja kwa dakika. Usiku baada ya kufunga nilibaki nikijifundisha PHP. Ndipo nikapata barua ya kujiunga na chuo nje ya nchi. Nchi yenyewe siitaji, na ubalozi wake siutaji, kwa sababu sitaki ugomvi wa miaka karibu ishirini iliyopita.

Pesa hatukuwa nazo. Baba alikuwa na ekari mbili za miwa na ng'ombe watatu. Basi khocha, yaani mjomba wangu, akaitisha harambee. Tulifunga hema nyuma ya nyumba, si mbali na Uwanja wa Masinde Muliro, Jumamosi moja ya jua kali. Walikuja watu wa kanisa, walimu wangu, waendesha baiskeli wa pale njia panda ya Kanduyi, akina mama wa chama. Jogoo mmoja alipigwa mnada mara nne, kila anayemnunua anamrudisha tena. Katibu wa kamati aliandika kila jina kwenye daftari la shule, la kurasa 96. Zilipatikana shilingi 412,600. Nililala usiku huo nikijua kwamba nikishindwa huko ughaibuni, nitakuwa nimeshindwa mbele ya watu 143.

Nilizipeleka benki kwa awamu, kadiri ahadi zilivyolipwa. Sasa tazama akaunti yangu kwa jicho la afisa wa viza. Miezi minane salio halijavuka shilingi 3,200. Halafu ndani ya siku tisa inaingia laki nne na zaidi. Siku ya kumi mwenye akaunti anaomba taarifa ya benki yenye muhuri, aipeleke ubalozini.

Mimi wakati huo sikuona tatizo lolote. Kwangu ile taarifa ilikuwa picha ya harambee.

Kwenye fomu palikuwa na kisanduku: nani anagharamia masomo yako? Kisanduku kimoja, jina moja. Niliandika jina la khocha, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Khocha alikuwa fundi baiskeli. Nilipanda basi la usiku, Webuye, Eldoret, Nakuru, nikafika Nairobi alfajiri na suti ya kuazima. Mahojiano hayakuchukua hata dakika nne. Baada ya wiki mbili nikapewa karatasi iliyochapwa, yenye alama ya tiki mbele ya sentensi moja: hawakuridhika na chanzo cha fedha. Basi. Hakuna pa kujibu.

Kumwambia baba ilikuwa rahisi. Kilichoniumiza ni kupita njia panda asubuhi na waendesha baiskeli wakiniuliza, "Bado hujapaa?"

Hapo ndipo alipotokea jamaa mmoja kule Kitale, ambaye nilielekezwa kwake kimyakimya. Biashara yake ilikuwa "pesa za kuonyesha". Anakuwekea laki nane kwenye akaunti, zinalala humo miezi mitatu, unachukua taarifa yako nzuri yenye salio lililotulia, yeye anaondoa pesa zake na wewe unabaki umemlipa asilimia kumi. Aliniambia jambo ambalo sijalisahau, kwamba ubalozi hautaki kujua kama una pesa, unataka kujua kama umewahi kuwa nazo. Kusema kweli nilikwenda kwake mara mbili. Mara ya pili nilibeba pesa yake mfukoni. Nilirudi nayo, na sababu haikuwa uadilifu. Niliogopa kwamba daftari lingeniuliza shilingi elfu themanini zimekwenda wapi.

Mwaka ukaisha na uchaguzi ule wa Desemba 2007, na mnajua yaliyofuata. Barabara ya Eldoret ilifungwa kwa mawe na magogo, na mpaka mkataba wa Februari 2008 utiwe sahihi hakuna aliyezungumzia safari. Nilitumia miezi hiyo kutafuta vyuo vya India. Wakenya wengi walikuwa tayari Pune, Bangalore, Mysore na Hyderabad. Karo ilikuwa nafuu kiasi kwamba laki nne, ambazo kule kwingine zisingelipa hata muhula, zilitosha mwaka wa kwanza na nauli.

Safari hii sikupeleka taarifa ya benki peke yake. Nilikaa saiba usiku mbili nikilichapa daftari lote kwenye Excel: namba, jina, kiasi, tarehe iliyolipwa, na safu ya mwisho inayoonyesha siku ambayo pesa hiyo iliingia benki. Kila amana kwenye taarifa ilikuwa na kundi lake la majina. Kamati ikaandika barua, chifu akagonga muhuri. Fomu yenyewe ilikuwa ya karatasi, na kwenye nafasi ya mfadhili niliandika "tazama kiambatisho". Nilikwenda nayo ubalozi wa India, jengo la Jeevan Bharati, Harambee Avenue. (Ndiyo, barabara hiyo hiyo. Nilicheka peke yangu kwenye lifti.)

Yule bwana wa dirishani alipitisha kidole kwenye orodha akauliza, "Hawa akina Wafula kumi na mmoja ni ndugu?"

Nikamweleza kwamba kwetu Wabukusu Wafula ni aliyezaliwa wakati wa mvua, Wekesa wakati wa mavuno, Simiyu wakati wa kiangazi, Wanjala wakati wa njaa. Akaniuliza mwaka huo walichanga akina nani zaidi. Viza nikapata. Nikachanjwa homa ya manjano, maana bila ile kadi ya manjano mtu anayetoka Kenya haingii India vizuri, nikaondoka.

Hyderabad ndiko nilikoelewa kilichonipata. Chumbani nilikaa na kijana wa Warangal, na yeye alikuwa anaomba viza ya kwenda Marekani kwa shahada ya pili. Mimi nilidhani Wahindi hawahangaiki. Kumbe! Nusu ya bweni ilikuwa inafanya mazoezi ya mahojiano usiku, mmoja akijifanya afisa nyuma ya meza. Kabla ya ubalozi mdogo wa Marekani kufunguliwa Hyderabad mwaka 2008, watu walisafiri mpaka Chennai kwa mahojiano hayo. Na kuna hekalu la Chilkur Balaji, nje kidogo ya mji, linaloitwa kabisa hekalu la viza. Unalizunguka mara 11 ukiomba, na ombi likijibiwa unarudi kulizunguka mara 108. Nilimsindikiza. Nilihesabu vijana wenye bahasha za hati kwapani nikaacha kuhesabu. Mwaka wa masomo 2023/24 India iliipita China kwa idadi ya wanafunzi wa kigeni walioko Marekani: 331,602. Kila mmoja wao aliwahi kubeba bahasha ya namna ile.

Siku moja alinionyesha faili lake. Ndani mlikuwa na barua ya mkopo wa masomo kutoka benki, na karatasi ya mhasibu aliyesajiliwa, ikiorodhesha mali ya familia: shamba la babu, nyumba, dhahabu ya mama kwa gramu, kila kitu kimepewa thamani na jumla imeandikwa chini kwa dola. Dhahabu ya mama! Nilikaa kitandani nikaisoma mara tatu. Kule kwao kulikuwa na mtu mwenye taaluma na muhuri, ambaye kazi yake ni kuigeuza familia kuwa jedwali ambalo afisa anaweza kulisoma. Sisi tulikuwa na daftari la kurasa 96 na katibu mwenye mwandiko mbaya.

Na bado fomu iliwasumbua wao pia. Wengi wa kusini mwa India wana jina moja tu na herufi ya jina la baba. Pasipoti isiyo na jina la kwanza, Wamarekani huandika FNU kwenye viza, kifupi cha kusema jina la kwanza halijulikani, na mtu anatembea na FNU mpaka benki na kwenye leseni ya gari. Novemba 2022 Falme za Kiarabu zilitangaza kwamba anayekuja kwa matembezi na pasipoti ya jina moja hataruhusiwa kuingia. Mimi mwandika programu najua hilo hutokea wapi: mtu mmoja, ofisini, aliweka kwenye jedwali safu ya jina la ukoo na akaandika kwamba isiachwe tupu. Dakika mbili za kazi.

Ningeishia hapo nikijiona mwenye haki. Lakini mwaka 2016, nikiwa nimerudi na nafanya kazi Nairobi kwenye kampuni moja ya akiba na mikopo ya simu, nilipewa kazi ya kuandika kanuni za kunasa ulaghai. Mojawapo ilikuwa hivi: akaunti iliyokaa siku 90 na salio dogo, ikipokea pesa kutoka kwa watu zaidi ya 20 ndani ya siku 10, izuiwe mpaka ikaguliwe. Niliiandika mwenyewe, nikaijaribu, ikapita, nikaenda kula.

Miezi mitano baadaye malalamiko yakafika mezani kwangu. Mama mmoja wa upande wa Kitale, pesa za kumpeleka binti yake chuoni zimezuiwa siku 11. Binti alifika amechelewa na kitanda cha bweni kimeshachukuliwa. Nilifungua orodha ya waliotuma: mia mbili, mia tano, hamsini. Wafula, Nekesa, Barasa, Wafula. Sikuhitaji kuuliza ni nini. Nikachungulia akaunti nyingine zilizonaswa na kanuni ile, na nyingi mno zilikuwa harambee na matanga.

Sikuifuta, na wanaonijua wamenilaumu kwa hilo. Wezi nao hupokea pesa kutoka kwa watu wengi kwa siku chache, na niliwaona kwenye orodha hiyo hiyo. Nilichobadilisha ni kwamba kabla ya kuzuia, mtu ampigie mwenye akaunti amuulize. Wakubwa hawakupenda gharama ya hizo simu. Tulibishana wiki tatu.

Jana usiku tulikuwa kwenye DS-160. Ukiiacha dakika 20 bila kuigusa inakutoa nje, kwa hiyo hifadhi mara kwa mara, na uandike pembeni ile namba ya ombi. Umeme ulikatika mara moja, tukaendelea kwa simu. Tukafika pale wanapouliza nani analipia safari. Chaguo ni mwenyewe, mtu mwingine, mwajiri, au kampuni na shirika. Daftari la kamati lilikuwa mezani, safari hii limechapwa mapema, risiti za M-Pesa zimebanwa nyuma.

"Khocha," akaniuliza, kidole kikiwa juu ya kitufe, "kamati ni mtu mwingine au ni shirika?"

Nikamwambia ahifadhi kwanza.