Picha Safi, Lakini Mtoto Analalamika

Akina mama wenzangu, mtoto akianguka na kuumia shingo, sote huuliza jambo moja: "Picha inasemaje?" Ni swali zuri. Lakini katika kazi yangu ya uuguzi nimejifunza kwamba picha haisemi yote, na kwamba mama ana neno lake mbele ya daktari.

Eksirei huonyesha mifupa. Haionyeshi uti wenyewe, ule unaopita ndani ya pingili kama uzi ndani ya shanga, ukipeleka habari kutoka kwenye ubongo hadi mikononi na miguuni. Mtu mzima akiumia uti, mara nyingi na mfupa huonekana umevunjika. Mtoto ni tofauti. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na kano zinazofunga pingili zake bado ni laini. Shingo huvutika ghafla, kisha pingili hurudi mahali pake, kumbe uti umekwisha kuumia. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Marekani, Dachling Pang na James Wilberger, waliandika juu ya watoto wa namna hiyo: uti umeumia, picha ya mifupa haina kasoro.

Nakumbuka mtoto wa miaka sita aliyeanguka kutoka juu ya mwembe. Picha yake ilikuwa safi. Baba alikuwa amekwisha kushika mfuko wa nguo, maana basi la mwisho lilikaribia kuondoka. "Sista, si picha imeshasema?" Ndipo mama akasema kwa sauti ndogo kwamba alipomkuta mtoto chini, alilalamika mikono inatembewa na siafu, kisha hali ile ikaisha. Nilimwita daktari. Mtoto akalazwa, shingo ikafungwa kola. Usiku ule mkono wake wa kulia ukalegea. Kipimo cha MRI, walichokifuata mbali na kwa gharama, kilionyesha uti umevimba. Alivaa kola majuma 12, na nguvu zikarudi. Naogopa hata kufikiri kama angekuwa ndani ya basi lile.

Basi tufanye nini? Mtoto akianguka vibaya, usimnyanyue kwa mabega wala kumkalisha. Alale alipo, mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke, kisha abebwe juu ya ubao. Hospitalini mweleze daktari kila alilosema mtoto, hata kama limepita: ganzi, kuchomachoma, mkono au mguu kulegea, kushindwa kukojoa. Dalili zaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hata siku. Mkiruhusiwa kwenda nyumbani, endelea kumwangalia, na ukiona mabadiliko urudi upesi.

Wala tusidai kipimo kikubwa kwa sababu tu ni kikubwa. Skani ya CT huonyesha mifupa vizuri sana, lakini hutumia mionzi mingi kuliko eksirei, na mwili wa mtoto huathirika na mionzi kuliko wetu. MRI haina mionzi hiyo, nayo ndiyo huonyesha uti. Ila mtoto lazima atulie kwa muda mrefu, na aliye mdogo huenda akapewa dawa ya usingizi. Daktari ndiye achague, lakini achague akiwa amesikia habari zote.

Kwa hiyo usione haya kusema, mama, hata kama wengine wana haraka. Wewe ndiye uliyemsikia mtoto kwanza.