Sauti Iliyobaki Nje ya Folda

Mwezi uliopita nilinunua kompyuta mpya. Ile ya zamani, iliyonitumikia miaka 9, nilimpa mpwa wangu aliyejiunga na chuo, baada ya kufuta kila kilichokuwamo. Sikuwa na wasiwasi. Kazi zangu zote, nilijiambia, ziko kwenye wingu.

Niliweka programu ya kusawazisha faili, nikaingiza nywila, na folda zikaanza kujitokeza moja baada ya nyingine. Iliyonishughulisha zaidi ni ile ya mahojiano 31 niliyorekodi vijijini, wazee wakieleza jinsi mipaka ya mashamba yao ilivyowekwa na ilivyohamishwa. Nilihesabu faili 22. Nikajaribu kufungua ya kwanza: kimya. Siku hiyo mtandao ulikuwa wa kusuasua, nami sikujua kwamba programu hizi, ili kuokoa nafasi ya diski, huonyesha majina tu na kuacha sauti zenyewe huko ziliko hadi uziite. Ni sawa na kushika daftari la mahudhurio ukadhani umeshika wanafunzi.

Hilo lilikwisha mtandao uliporudi, nilipochagua faili zote zihifadhiwe kwenye mashine. Lakini 22 zilibaki 22. Nilitoka kwenye akaunti, nikaingia tena, nikaizima kompyuta na kuiwasha, nikaiondoa programu na kuirudisha. Siku mbili zilipita hivyo. Kisha nikamwita kijana wa kitengo cha TEHAMA, ambaye hakugusa kitu chochote kabla ya kuniuliza: “Mwalimu, hapa umesoma?” Pembeni mwa dirisha la programu kulikuwa na orodha ya makosa ambayo sikuwahi kuifungua. Mimi ninayewalaumu wanafunzi kwa kujibu swali kabla ya kulisoma!

Orodha ilitaja faili 8, zote zikiwa na dosari moja. Kwenye kompyuta ya zamani, iliyotumia Linux, nilizoea kuandika muda wa mahojiano katika jina la faili: saa 4:30, saa 9:15. Kompyuta mpya inatumia Windows, mfumo usiokubali nukta mbili katika jina la faili. Tuliingia kwenye akaunti kwa kivinjari, tukabadilisha majina hukohuko, na baada ya dakika chache zote 8 zikashuka.

Zikawa 30. Daftari langu linasema 31.

Ya 31 niliirekodi Mei 2024. Tarehe 12 ya mwezi huo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopoteza sehemu kubwa ya intaneti yao. Kurekodi nilirekodi, kupandisha hakukuwezekana. Basi nikaiweka faili ile kando, nje ya folda inayosawazishwa, isije ikamaliza bando langu bure, nikikusudia kuirudisha mambo yakitengemaa. Mambo yakatengemaa. Mimi nikasahau. Mwaka huu nikaifuta kompyuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Mzee aliyezungumza humo amekwisha kufariki.

Nimeifikiria sana masijala ya ofisi niliyoanzia kazi. Faili haikutoka pale bila namba, tarehe na saini ya aliyeichukua, na mtunza kumbukumbu alikuwa mtu wa kuulizwa, tena mkali. Siku hizi katika vikao nasikia “iko kwenye mfumo”, na mjadala unaishia hapo. Ipo kwa akaunti ya nani? Akistaafu je? Kuna nakala nyingine? Wengi huamini kwamba kusawazisha ni kuweka akiba. Sivyo: kusawazisha ni kufananisha, na ukifuta huku, kule nako kunafutwa. Huduma nyingi hukupa siku kadhaa za kuokoa kitu kutoka kwenye pipa la taka, kisha basi.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inagusa hata kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Naisoma nikiona haya. Niliwaahidi wazee wale kwamba sauti zao zitabaki mikononi mwangu, ilhali muda wote zilikuwa katika mashine za watu nisiowajua, katika nchi nisiyoweza kuitaja. Ile moja ambayo kweli ilikuwa kwangu peke yangu ndiyo niliyoipoteza.

Nilimpigia simu binti wa marehemu. Kabla ya msiba aliwahi kuniomba nakala, nami nikamwambia asubiri. Nilimweleza kilichotokea bila kuitaja intaneti wala nyaya. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Ile miti aliyoitaja, ya mpakani, uliandika, Mwalimu?” Niliandika. Ninazo kurasa 4 kwa kalamu ya risasi, na mbuyu na miembe miwili aliyoitaja imo, pamoja na majina ya waliokuwapo siku ya kupima. Akasema nduguze wa upande wa pili wamekwisha kupeleka shauri kwenye baraza la kijiji.

Nilizipiga picha kurasa zote 4, nikamtumia usiku uleule. Daftari lenyewe amesema atalifuata mwenyewe Jumamosi.