Kiti cha Baba

Nyumba yetu ya Muheza ilikuwa ya miti na udongo, paa la makuti. Jumamosi jioni baba alichomoa santuri ya Mbaraka Mwinshehe, akaipangusa kwa kipande cha khanga, akashusha sindano. Kisha akavuta kiti chake mbele, mbali na ukuta. Mama hakukosa kulalamika: "Baba nanihii, umeziba njia." Spika ilikuwa moja tu, ndani ya boksi la mbao, lakini kila gitaa lilisikika peke yake, na maneno yakaja safi. Utotoni niliamini sifa zote ni za ile mashine.

Miaka mingi baadaye nikajenga Dar es Salaam. Kuta za tofali za saruji zikapigwa lipu laini, chini vigae, upande mmoja dirisha pana la vioo. Nikanunua amplifaya na spika mbili za maana, nikaweka wimbo uleule wa baba. Ikatoka fujo! Magitaa yalichoma masikio, maneno yakapandana, na besi ikang'ang'ania noti moja, ikivuma kama mashine ya kusaga ya jirani.

Nikabadilisha waya. Nikabadilisha spika, nikaleta kubwa zaidi. Fujo nayo ikakua. Nikabandika trei za mayai ukuta mzima, mke wangu akaniuliza kama tunaanza kufuga kuku. Ukali ulipungua kidogo, besi haikujali.

Siku moja akaja mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu. Mtambo hakuugusa. Alisimama katikati ya sebule akapiga kofi moja, na kuta zikamjibu kwa mlio mwembamba uliokawia kufa. "Mwanangu, spika hazina kosa. Chumba ndicho kinachopiga kelele."

Akanikalisha kwenye sofa, akapitisha kioo cha kujitazamia ukutani. Kila nilipoiona spika ndani ya kioo, akatia alama ya chaki: hapo ndipo sauti inapodunda kuja sikioni, ikichelewa kidogo kuliko ile inayokuja moja kwa moja. Kwenye alama tukatundika godoro kuukuu la sufi, tukalivika kitenge. Dirishani likaja pazia zito lenye mikunjo, sakafuni zulia nene. Maneno yakatengana.

Besi ilitaka dawa nyingine, maana wimbi lake ni refu mno kwa godoro. Sebule yangu ni mita 4 kwa 4. Sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni mita 8, hivyo chumba chenyewe huitikia kwenye mitetemo kama 42 kwa sekunde, karibu sawasawa na uzi mnene kabisa wa gitaa la besi. Na kwa kuwa ni mraba, pande zote mbili huitikia noti hiyohiyo. Uvumi huo hujaa zaidi ukutani na kwenye pembe, nami nilikuwa nimeegemeza sofa ukutani na spika nimezisukumiza pembeni. Tukazitoa spika huko, sofa tukalivuta mbele kiasi cha mita moja. Uvumi ukatulia.

Hapo nikaikumbuka Muheza: makuti yakinyonya sauti, kuta za udongo zisizonyooka, besi ikitokea upenuni na kuwafikia majirani. Na baba, ambaye hakuwahi kupima mtetemo wowote, akivuta kiti.

Sofa langu limebaki palepale. Jana mke wangu kapita na sinia la chai, akajikwaa. "Baba nanihii," akasema, "umeziba njia."