Mbaazi Ukikosa Maua

Wahenga walinena kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii hutajwa sana darasani, lakini ni nadra ukweli wake kupimwa kama unavyopimwa katika kikao cha kamati ya timu ya kandanda iliyoshindwa mara tano mfululizo. Kikao cha aina hiyo kilifanyika Kanja, kwenye miinuko ya Embu chini ya Mlima Kenya, usiku mmoja wa Aprili mwaka 2024. Mvua ya masika ilikuwa ikipiga mabati ya hoteli iliyo kando ya soko. Ndani, watu saba walikuwa wameizunguka meza yenye birika la chai, na ajenda ilikuwa moja tu: je, mkufunzi afutwe sasa, msimu ukiwa katikati, au asubiriwe hadi mwisho?

Mkufunzi mwenyewe hakuwapo. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Hakuwa na mshahara wowote katika timu ila nauli, na nauli yenyewe haikutoka kila juma. Kwa miaka minane alikuwa amewanoa vijana wa soko kwenye uwanja wa shule, ambao umeinama upande mmoja kiasi kwamba mpira ukitoka nje hufuatwa hadi migombani. Miongoni mwa wale saba alikuwapo mweka hazina, mwanamke muuza nafaka, ambaye mwalimu huyo ndiye aliyemfundisha hesabu katika darasa la sita. Sasa hesabu hizo hizo zilikuwa mkononi mwake, ndani ya daftari lenye jalada jeusi, naye alitakiwa ainue mkono kumwondoa aliyemfunza kuhesabu.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kunena. “Mnakumbuka Januari?” aliuliza. “Ivory Coast walimfuta kocha michuano ikiendelea, nao wakatwaa kombe. Sembuse sisi?”

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizochezwa nchini Ivory Coast mapema mwaka 2024, wenyeji walifungwa na Nijeria bao 1-0, kisha wakaaibishwa na Guinea ya Ikweta mabao 4-0. Mfaransa Jean-Louis Gasset akaondolewa tarehe 24 Januari, hata kabla haijabainika kwamba timu yake ingepenya kwa tundu la sindano kama mojawapo ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu. Usukani akapewa msaidizi wake, Emerse Faé, ambaye hakuwa amewahi kuwa mkufunzi mkuu wa timu ya wakubwa. Wakaiondoa Senegali kwa mikwaju ya penalti, wakaishinda Mali katika muda wa ziada wakiwa wachezaji kumi uwanjani, wakaichapa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0, na tarehe 11 Februari wakailaza Nijeria 2-1 katika fainali. Aliyetazama mchezo ule kwenye runinga ya hoteli ya Kanja hakuhitaji ushahidi mwingine kwamba kumfuta mkufunzi ni dawa.

Hata hivyo, katibu wa timu alikuwa na kumbukumbu ndefu zaidi. “Na Mulee je, Mzee?” aliuliza kwa upole. “Tulipata nini?”

Jacob Mulee, ambaye Wakenya wengi humwita Ghost, ndiye aliyeifikisha Harambee Stars katika fainali za Afrika za mwaka 2004 nchini Tunisia, ambako Kenya iliishinda Burkina Faso 3-0. Aliitwa tena mwaka 2020. Septemba mwaka 2021, baada ya mechi mbili tu za kufuzu kwa Kombe la Dunia, sare ya 0-0 na Uganda na sare ya 1-1 na Rwanda, shirikisho lilitangaza kwamba pande mbili zimetengana kwa makubaliano. Nafasi yake ikachukuliwa na Engin Firat kutoka Uturuki, kwa mkataba wa miezi miwili. Mechi ya kwanza ya mgeni huyo ilichezwa Agadir mnamo Oktoba, na Mali ikaifunga Kenya mabao 5-0. Siku tatu baadaye Mali ikashinda tena, 1-0, jijini Nairobi. Timu iliyokuwa haijafungwa katika kundi lake ikawa imeondoka mbioni.

Isitoshe, mwezi wa Novemba mwaka huo serikali ililivunja shirikisho lenyewe, na Februari mwaka 2022 FIFA ikaifungia Kenya. Kwa sababu hiyo Kenya haikushiriki hata mechi za kufuzu kwa fainali zile zilizomtukuza Faé. Ni bayana basi kwamba ufa mkubwa ulikuwa ofisini wakati macho ya wengi yalikuwa kwenye benchi la mkufunzi.

Mjumbe mmoja aliyekuwa kimya akauliza ikiwa kumfuta mtu kunagharimu chochote. Wengine walicheka, maana mwalimu wao hakuwa na mkataba. Lakini swali hilo halikuwa la kuchekwa. Adel Amrouche aliiongoza Kenya kutwaa Kombe la CECAFA jijini Nairobi Desemba mwaka 2013. Miezi minane baadaye, baada ya kutolewa na Lesotho katika mechi za kufuzu, alifutwa. Kesi yake ilifika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na shirikisho likajikuta likidaiwa zaidi ya shilingi milioni 100. Hasira za juma moja zilizaa deni lililowaandama viongozi wengine kwa miaka.

Ajabu ni kwamba Amrouche huyo huyo alikuwa Ivory Coast Januari 2024, safari hii akiinoa Tanzania. Taifa Stars walifungwa na Moroko 3-0 katika mechi ya kwanza, na Amrouche, aliyekuwa amefungiwa mechi nane kwa matamshi yake kuhusu ushawishi wa Moroko katika soka la Afrika, akasimamishwa kazi na shirikisho la Tanzania. Timu ikakabidhiwa Hemed Suleiman, ambaye kwa kinaya cha majaliwa hujulikana kwa jina la Morocco. Tanzania ikatoka sare ya 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na Kongo, ikarejea nyumbani na alama mbili. Hapakuwa na maajabu wala maangamizi. Katika mashindano yale yale, ndani ya juma moja, nchi mbili zilibadilisha wakufunzi; moja ikatwaa kombe, nyingine ikafunga virago. Anayetaja ya kwanza na kuisahau ya pili huwa hajatoa ushahidi. Ametoa tamaa yake.

Swali hili limewashughulisha hata wanauchumi. Mholanzi Bas ter Weel alichunguza ligi kuu ya Uholanzi tangu mwaka 1986 hadi 2004, akachapisha matokeo yake mwaka 2011. Alizilinganisha timu zilizowafuta wakufunzi baada ya kuporomoka na timu zilizoporomoka vivyo hivyo lakini zikawaacha wakufunzi wao kazini. Zote ziliinuka, na zile zilizofuta hazikuinuka kuliko wenzao. Mkulima wa chai wa Kanja hahitaji takwimu kulielewa jambo hili. Majani huwa machache katika majuma ya baridi kali. Akimwachisha kazi mchumaji wakati huo na kumwajiri mwingine, baridi ikiisha kilo zitapanda, naye atamsifu mchumaji mpya kwa kazi iliyofanywa na jua. Hivyo basi mbaazi husingizia jua ukikosa maua, na binadamu hulisahau jua maua yanapochanua.

Je, maana yake ni kwamba mkufunzi asiguswe kamwe msimu ukiendelea? La hasha. Huko Marekani, katika mchezo wa besiboli, ambako kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, Philadelphia Phillies walimwondoa Joe Girardi tarehe 3 Juni mwaka 2022, wakiwa wameshinda mechi 22 na kushindwa 29. Girardi hakuwa mtu wa kubezwa. Aliwahi kutwaa ubingwa na New York Yankees mwaka 2009. Msaidizi wake, Rob Thomson, alipokea mechi 111 zilizosalia, akashinda 65, na timu ikafika fainali ya ubingwa kabla ya kushindwa na Houston Astros. Thomson na Faé walifanana katika jambo moja: hawakuletwa kutoka mbali. Waliwajua wachezaji kwa majina, kwa hofu zao na kwa magoti yao yanayouma. Firat alilazimika kuyajifunza hayo yote huku Mali ikisubiri.

Hapo ndipo mweka hazina wa Kanja alipolifungua daftari lake. Hakutoa hotuba. Alisema ana maswali matatu, na kura ipigwe baada ya kujibiwa.

Swali la kwanza lilikuwa: je, wachezaji wameacha kumsikia Mwalimu? Alishauri aitwe nahodha, kijana mchuma chai aliyekuwa akingoja chini ya upenu. Nahodha aliingia, akavua kofia, akasalimu wazee. Alipoulizwa, alijibu: “Mama, Mwalimu tunamsikia. Akisema turudi nyuma, tunarudi. Lakini mtu hawezi kurudi nyuma akiwa bado yuko ndani ya matatu.” Hata mwenyekiti alitabasamu.

Swali la pili: nani atamrithi? Mwenyekiti alikuwa na jina la mtu wa Embu mjini, hodari wa maneno, ambaye hakuwa amewahi kuwaona vijana wale wakicheza. Msaidizi wa Mwalimu, aliyekuwa mlinzi wa zamani wa timu, hakuwa ametajwa na yeyote.

Swali la tatu lilikuwa chungu: je, kamati imetimiza wajibu wake? Alisoma kutoka daftarini. Kati ya mechi tano walizoshindwa, tatu zilikuwa za ugenini, na katika zote nauli ilichangwa asubuhi ya siku ya mchezo. Katika moja, mlinda lango, mwendesha bodaboda, alifika robo saa baada ya kipenga kupulizwa kwa kuwa alingoja pesa za petroli, na timu ilikuwa tayari imefungwa mabao mawili. Njumu zilizoahidiwa tangu mwanzo wa msimu hazijanunuliwa. Kisha, kwa haki ile aliyofunzwa katika darasa la sita, akaongeza kwamba mechi mbili za nyumbani hazikuwa na kisingizio. Hapo Mwalimu alikosea: aling'ang'ania mlinzi aliyekwisha kuzeeka, kwa kuwa ni mtu wake wa tangu zamani. Hakulificha hilo. Mapenzi kwa mwalimu hayakumfanya aikosee hesabu.

Kimya kilitanda, ikawa inasikika mvua tu. Mwishowe kura ikapigwa. Watatu walitaka afutwe. Wanne, mweka hazina akiwemo, walitaka apewe hadi mwisho wa mkondo wa kwanza, yaani mechi nne zaidi, kwa masharti mawili: nauli itolewe siku mbili kabla ya mchezo, naye Mwalimu aambiwe ana kwa ana kuhusu yule mlinzi. Tena iliandikwa kwamba akishindwa kubadilika, atakayeshika nafasi yake ni msaidizi.

Katika mechi nne hizo timu ilishinda mbili, ikatoka sare moja na kushindwa moja. Sokoni, walionya dhidi ya kumfuta walijigamba. Mweka hazina hakujigamba. Alijua kwamba huenda wangeshinda mbili hata kama yule mtu wa mjini angeletwa, kwa maana baridi ilikuwa imekwisha. Alilolijua kwa yakini lilikuwa dogo zaidi: kwamba sasa kamati ilikuwa imetenda sehemu yake, na kwamba siku ambayo ingelazimu kumwondoa Mwalimu, wangemwondoa kwa kosa lake, si kwa kosa lao.

Pengine hicho ndicho kipimo kinachotafutwa. Wakati wa kumbadilisha mkufunzi msimu ukiendelea ni pale sauti yake inapokuwa haifiki tena masikioni mwa wachezaji, pale mrithi anayewajua anapokuwa karibu na mechi za kutosha zimesalia, na pale wanaofuta wanapokuwa wamejikagua wao kwanza. Likikosekana la mwisho, mengine hayatoshi. Wachezaji kumi na mmoja hawafutiki, kamati haijifuti, basi hubaki mtu mmoja tu wa kubebeshwa lawama.

Jumanne iliyofuata kikao kile, Mwalimu alipita sokoni akiwa na gunia la mipira begani. Kanja ni padogo. Alikuwa ameshasikia nani aliinua mkono na nani hakuinua, na nini kilichosemwa kuhusu yule mlinzi. Alisimama mbele ya magunia ya maharagwe, akamwamkua mwanafunzi wake wa zamani, akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza jambo moja tu: “Nauli ya Jumamosi iko?”

Mweka hazina alilifungua daftari, akazihesabu noti mbele yake, akamkabidhi.