Anatarajiwa, Hana Budi, Sharti: Sarufi katika Masharti ya Kozi ya Fizikia

Dhamira tegemezi, vitenzi visaidizi na viambishi vya masharti hufundishwa aghalabu kwa sentensi ambazo hazimgharimu mtu chochote. Juma asome. Asha angekuja. Mvua ikinyesha tutalima. Mwanafunzi wa ualimu huzichambua, hupata alama zake, kisha huzisahau. Tumechagua kuzungumzia hapa karatasi moja ya kurasa mbili ambayo sarufi hiyohiyo ilimgharimu kijana mmoja mwaka mzima wa masomo. Karatasi hiyo haikuandikwa kwa Kiswahili, wala haikuwa ya somo letu. Ilikuwa maelezo ya kozi ya awali ya fizikia katika chuo cha ualimu nchini Uganda ambamo tunafundisha.

Kozi yenyewe ni ya kawaida: mwendo, kani na nishati katika muhula wa kwanza, joto, mawimbi na umeme katika muhula wa pili. Hufundishwa kwa Kiingereza. Lakini darasani wamo vijana waliotoka mashariki ya Kongo, waliosoma sekondari kwa Kifaransa, na lugha pekee wanayoshirikiana na wenzao kwa raha ni Kiswahili. Katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Bwenini kilikuwa kimekwisha kuwa rasmi kabla ya hapo, bila kumwomba mtu ruhusa.

Kijana tunayemzungumzia alitoka Kivu Kaskazini. Alifika akiwa na hisabati bora kuliko ya wengi na Kiingereza cha kuombea maji. Juma la kwanza mwenzake wa bweni alimfasiria karatasi ya kozi kwa nia njema kabisa, na alipofika kwenye mstari wa maabara alimwambia: "Mwanafunzi anatarajiwa kuhudhuria vipindi vyote vya maabara na kuwasilisha ripoti." Vipindi hivyo vilikuwa Jumamosi asubuhi. Jumamosi asubuhi kijana huyu alikuwa akibeba magunia sokoni ili apate ada. Alitarajiwa maabara; naye, kama watu wengi wanaotarajiwa mahali, alituma salamu. Muhula mzima alihudhuria vipindi vinne kati ya kumi. Mazoezi yake ya darasani yalikuwa miongoni mwa yale bora. Juma moja kabla ya mtihani jina lake halikuwamo katika orodha ya wanaoruhusiwa kuufanya, naye akarudia mwaka.

Tulitazame basi hilo neno *anatarajiwa*. Kutarajia, kwa Kiswahili, ni kungoja jambo kwa matumaini. Mkulima hutarajia mvua. Mama mja mzito hutarajia mtoto. Nanyi mnaosoma kitabu hiki mnaitwa walimu watarajiwa kwa sababu ualimu wenu bado uko mbele. Anayetarajia hana mamlaka juu ya kinachotarajiwa. Neno la Kiingereza lililokuwa katika karatasi lina sura mbili: ni tumaini, na pia ni agizo lililovikwa adabu. Mkuu wa chuo akisema kwa Kiingereza kwamba anakutarajia ofisini saa mbili, amekwisha kukuagiza. Mfasiri wa bwenini alichukua sura ya kwanza akaiacha ya pili, na kauli ya kutendwa ikaficha mengine. Nani anatarajia? Na matarajio yake yasipotimia, atafanya nini? Jibu la swali hilo la mwisho lilikuwapo, lakini lilikuwa katika ukurasa wa pili, mistari zaidi ya ishirini kutoka kwenye agizo lenyewe.

Mwaka uliofuata mwalimu wa fizikia alitujia na kurasa zake mbili. "Waalimu wa Kiswahili," alisema, "nipeni maneno yasiyoacha mwanya." Tulikaa naye alasiri nzima, na karibu kila sentensi ilizaa mabishano.

Tulianza na mambo ambayo mwanafunzi hana budi kuja nayo: aljebra, trigonometria ya pembetatu mraba, na uwezo wa kusoma grafu. Kwa haya Kiswahili kina umbo lililo tayari. "Mwanafunzi awe amesoma aljebra na trigonometria." Kitenzi kisaidizi *kuwa* kimo katika dhamira tegemezi, nacho chadai, kitenzi kikuu kina *-me-*, nacho chatazama nyuma. Agizo linatolewa leo juu ya jambo lililopaswa kwisha jana. Tungeandika "Mwanafunzi asome aljebra", mgeni angedhani aljebra itafundishwa ndani ya kozi, angeketi kwa utulivu kuingoja, na jumanne ya pili angekutana na mlinganyo v = u + at pasipo kujua namna ya kuitoa t na kuiweka peke yake.

Mwalimu wa fizikia hakuridhika. Kusoma wamesoma wote, alisema. Andikeni *awe amefaulu*. Tukaandika. Kisha yeye mwenyewe akasita, akafuta. Mwanafunzi aliyesoma Kongo ana cheti chenye mizani nyingine ya alama, na neno *amefaulu* lingemtaka alete karatasi ambayo huenda aliiacha nyumbani siku aliyokimbia vita. Tukamaliza kwa "awe anaweza kutatua mlinganyo kwa herufi yoyote iliyomo". *Amesoma* humridhisha aliyekaa darasani. *Amefaulu* humridhisha mwenye cheti. *Anaweza* hudai kupimwa papo hapo. Basi chuo kikalazimika kutunga jaribio fupi la siku ya kwanza, kwa sababu ya kubadilisha kiambishi kimoja na kitenzi kimoja.

Ugomvi mkubwa ulikuja kwenye maabara. Tulipoandika "Sharti mwanafunzi ahudhurie", mwenzetu alikunja uso. Katika Uganda Kiswahili kiliwafikia wengi kupitia midomo ya askari, na yeye, aliyetuzidi umri, alikuwa mtoto katika miaka ambayo kizuizi cha barabarani kilizungumza Kiswahili. Neno hilo, alisema, lanukia kambi. Tulimheshimu kwa hilo, nasi hatukulipuuza. Mwalimu wa Kiswahili atakayefundisha Kampala au Gulu atalikuta suala hili darasani mwake hata kama hakuna mwanafunzi atakayelitamka. Lakini tulimjibu kwamba kinachonukia kambi ni kauli ya amri iliyo tupu: njoo, keti, toa. Kiswahili kina ngazi ndefu kati ya amri na ombi. *Njoo* iko juu kabisa kwa ukali; *uje* inalainisha; *yakupasa uje* inaukabidhi wajibu dhamiri ya mtu; *afadhali uje* inamwachia achague. Na *huna budi kuja*?

Hapo tulikawia, kwa maana *budi* ni neno la tabia ya pekee. Halisimami bila ukanushi: twasema *hana budi*, wala hatusemi *ana budi*. Tena anayesemwa kuwa hana budi hakuamrishwa na mtu. Ni hali yenyewe iliyomfungia njia nyingine. Tulimwambia mwenzetu kwamba jiwe lililoachiwa kutoka mkononi halina budi kuanguka, ilhali hakuna aliyeliwekea jiwe sharti. Sharti huwekwa na mtu kwa mtu, nalo lina upande wa pili: anayelitimiza ana haki ya kudai alichoahidiwa. Mwalimu wa fizikia alifurahi. Alisema kwamba miaka yote amekuwa akifundisha kanuni za Newton na kanuni za chuo kwa neno lilelile, na kwamba wanafunzi wamekuwa wakizivunja zile za pili wakishangaa kwa nini zile za kwanza hazivunjiki.

Sentensi ikawa hivi: "Ili aruhusiwe kufanya mtihani, sharti mwanafunzi awe amehudhuria vipindi vya maabara visivyopungua vinane kati ya kumi. Asipofikisha vinane, hatafanya mtihani." Angalieni *-sipo-* na *hata-* zikikaa bega kwa bega. Agizo na matokeo yake havitenganishwi tena na ukurasa. Tulikataa *asingefikisha*, kwa sababu *-nge-* hulipeleka jambo katika ulimwengu wa kudhania, na karatasi ya kozi haidhanii. Tulikataa pia *anaweza kunyimwa mtihani*, ingawa mwenzetu aliipenda kwa upole wake. Upole wa namna hiyo humfikisha mtu hadi juma la mwisho akiwa bado na tumaini.

Yaliyobaki katika ukurasa huo tuliyapitia upesi. Mwanafunzi awe na daftari la maabara. Aweza kutumia kikokotoo. Jibu lisilo na kizio halipewi alama kamili. Neno *sharti* tuliliacha mara tatu tu katika karatasi nzima: kwa mahudhurio ya maabara, kwa ripoti kuwa kazi ya mwanafunzi mwenyewe, na kwa jambo moja tutakalolitaja mwishoni. Karatasi inayosema sharti mara ishirini haisikiki hata mara moja.

Palikuwa na mstari uliomtaka mwanafunzi aeleze kwa maneno yake mwenyewe istilahi za msingi. Istilahi zipo, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na maneno kama *kani*, *tungamo* na *mchapuko* si mageni tena kwa anayetaka kuyatumia. Taabu haiko kwenye maneno hayo magumu, kwa kuwa mwanafunzi anajua kwamba hayajui. Taabu iko kwenye *uzito* na *kazi*, maneno aliyozaliwa nayo. Gunia la mahindi la kilo 100 lina tungamo ya kilogramu 100 popote litakapokwenda. Uzito wake, katika fizikia, ni kani ambayo dunia inalivuta, nayo ni nyutoni 980 hivi. Kwa muuza mahindi kilo ndizo uzito, na hakosei. Mizani yake imemtosha tangu zamani.

Kuhusu *kazi* tulimwita kijana wetu wa magunia atusaidie, maana sasa alikuwa akiirudia kozi na alikuwa ameomba soko lingine lenye vibarua siku ya Jumapili. Mwalimu wa fizikia alimweleza kwamba kuliinua gunia hilo hadi kwenye lori, kimo cha mita 1.2, ni kazi ya juli zipatazo 1,180. Lakini kulibeba begani kwa mwendo usiobadilika juu ya ardhi tambarare, hata kwa mita 200, kani ya kulishikilia haifanyi kazi yoyote, kwa sababu kani hiyo yaelekea juu na mwendo waelekea mbele. Kijana alicheka. Kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Lakini sokoni, mwalimu, wanatulipa kwa umbali." Tuliandika katika karatasi: "Mwanafunzi abainishe maana ya neno katika fizikia na maana yake katika mazungumzo ya kila siku." Hatukuandika *asahihishe*. Mpagazi amefanya kazi, na mgongo wake unajua.

Sasa lile sharti la tatu. Karatasi ya Kiingereza ilimtaka kila mwanafunzi aonyeshe, katika ripoti, kiasi ambacho kipimo chake chaweza kuwa kimepotoka. Katika tafsiri ya bwenini mstari huo ulisomeka: "Aandike makosa yake." Fikirini jinsi sentensi hiyo inavyosikika kwa kijana aliyekuja ugenini kutafuta cheti. Kosa ni dhambi ndogo. Mtu huliomba radhi, halipeleki kwa mwalimu likiwa limepigiwa mstari. Zaidi ya hayo, jina *kosa* na kitenzi *kukosa* ni ndugu, na kukosa ni kutopata. Basi wengi walifanya hesabu kutoka mwisho kwenda mwanzo. Walijua kwamba mchapuko wa uvutano ni karibu 9.8, wakatafuta sekunde zitakazoleta 9.8, wakaandika sekunde hizo badala ya zile zilizoonyeshwa na saa.

Tulipendekeza *hitilafu*. Mwenzetu alisema kwamba kwa fundi umeme hitilafu ni kuharibika kwa mtambo, naye akapendekeza *shaka ya kipimo*, ambayo sisi tuliona yamtia shaka mpimaji kuliko kipimo. Hatujakubaliana hadi leo. Tulichokubaliana ni kuliacha jina na kutumia vitenzi: "Sharti mwanafunzi aandike kipimo kama alivyokisoma, kisha aonyeshe chaweza kuzidi au kupungua kwa kiasi gani."

Muhula huo kijana wetu alining'iniza jiwe dogo kwenye uzi wa mita 1, akahesabu mibembeo kumi ya kwenda na kurudi, na saa yake ikasoma sekunde 20.3. Hesabu ilimpa 9.58. Jirani yake wa kulia alikuwa na 9.80 iliyonyooka. Alitazama daftari la jirani, akatazama la kwake, akapiga hesabu ya namna mkono wake ulivyoweza kuchelewa kuibonyeza saa. Kisha akaandika kwa wino: 9.6, yaweza kuzidi au kupungua kwa 0.2.