Mji Uliosafisha Hewa Yake

Mji wa Pittsburgh, huko Marekani, umejengwa pale mito ya Allegheny na Monongahela ikutanapo na kuwa mto Ohio. Zamani moshi wa makaa ya mawe ulizidi hata taa za barabarani zikawashwa saa sita mchana! Sheria ya kuupunguza ilitungwa mwaka 1941. Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, alifika huko mwaka 1964 kusoma elimu ya viumbe, akawakuta wenyeji wangali wakidai hewa safi. Shahada aliipata mwaka 1966; labda hayo aliyoyaona barabarani yalimfaa zaidi. Baadaye, huko kwao, alikuta mti wa mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Mwaka 1977 yeye na wenzake walipanda miti 7 Kamukunji, Nairobi.