Sibiloi: Tulichokipata na Tuliowasahau

Sisi tuliokuwa vijana Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963 tulikuwa na kiu ya historia. Darasani tulikuwa tumefundishwa kana kwamba bara hili lilizinduka siku wageni walipotia nanga. Hata ziwa kubwa la kaskazini, ambalo leo tunaliita Turkana, tulilikariri kwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, jina ambalo msafiri Teleki alilibandika mwaka wa 1888. Kwa hiyo habari za mafuvu zilipoanza kutoka jangwani, tulizipokea kama watu waliorudishiwa hati ya shamba lao.

Habari hizo zilitoka Koobi Fora, upande wa mashariki wa ziwa, ambako Richard Leakey alianza utafiti mwaka wa 1968. Mwaka wa 1972 Bernard Ngeneo, mmoja wa kikosi chake, aliona vipande vya mfupa kwenye mteremko uliomomonyolewa na mvua. Vilipounganishwa, likatokea fuvu linalojulikana duniani kote kwa nambari yake, 1470. Mwaka wa 1975 Ngeneo huyohuyo akapata fuvu jingine, la Homo erectus. Katikati ya matukio hayo mawili, mwaka wa 1973, serikali ilitenga eneo hilo kuwa mbuga ya kitaifa, ambayo leo tunaiita Sibiloi, yenye kilomita za mraba 1,570. Mbuga nyingi zilitengwa kwa ajili ya tembo na simba. Hii ilitengwa hasa kwa ajili ya mifupa.

Asiyefika huko huenda akadhani jangwa ni mahali patupu. Sibiloi haina utupu. Kuna mawe meusi ya volkano, upepo usiochoka, na vigogo vya miti vilivyogeuka mawe tangu zama ambazo sehemu zile zilikuwa na msitu. Kuna visukuku vya kobe mkubwa ajabu na vya tembo wa aina iliyotoweka, vimeachwa palepale vilipoonekana. Punda milia wa Grevy, nyamera na swala twiga hutafuta chakula kwenye nchi hii kavu. Mamba wamejaa ufukweni, na katika Kisiwa cha Kati, kilichomo ziwani, huzaliana kwa wingi. Na pembeni ya ukame wote huo kuna ziwa lenye rangi ya kijani, kubwa kuliko maziwa yote ya jangwani duniani.

Nataka kizazi cha sasa kijue ni nani walioyapata mafuvu yale. Jina la Leakey liko vitabuni, nalo linastahili. Lakini waliopita wakiinama juani, siku baada ya siku, walikuwa Wakenya ambao wengi wao hawakupata elimu ya juu. Kiongozi wao alikuwa Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Ukambani, aliyeanza kazi kama kibarua wa kuchimba. Alijifunza kutofautisha mfupa na kokoto kwa rangi, kwa mng'ao na kwa umbo, akiwa bado anatembea. Mwaka wa 1984, ng'ambo ya pili ya ziwa, pale Nariokotome, aliokota kipande kidogo cha fuvu kilichofanana na changarawe iliyokizunguka. Kutokana na kipande hicho kilipatikana kiunzi cha mifupa kilichokaribia kukamilika cha mvulana aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwaka uliofuata Kimeu alitunukiwa medali huko Marekani. Aliaga dunia mwaka wa 2022, mwaka uleule alioaga Leakey. Walipoondoka wawili hao, niliona mlango wa zama zetu ukifungwa.

Kuna jambo jingine katika kazi yao ninaloliheshimu sana. Fuvu la 1470 mwanzoni lilipewa umri mkubwa mno, karibu miaka milioni tatu. Kukazuka ubishi mkali kuhusu umri wa jivu la volkano lililokuwa juu ya tabaka lile. Meno ya nguruwe wa kale yalilinganishwa na yale ya bonde la Omo, Ethiopia, jivu likapimwa tena na tena, na mwishowe umri ukashuka hadi takriban miaka milioni 1.9. Wakubwa wa fani wakakubali. Ardhi iliwasahihisha, nao wakasahihishika.

Kwa nini basi kizazi chetu kilichokubali kusahihishwa kuhusu wafu hakikuwa tayari kusahihishwa kuhusu walio hai? Hilo ndilo linalonikaa moyoni. Tulipiga mstari kwenye ramani na kuwaambia wafugaji Wadaasanach na Wagabra kwamba ndani ya mstari ule mifugo ni marufuku. Kiangazi kikikaza, mfugaji hana pengine pa kwenda isipokuwa ziwani; akiingia anaitwa mvamizi, mahali ambapo wazee wake walinywesha ngamia kabla Nairobi haijajengwa. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka wa 1965 ulikuwa umeshaelekeza kwamba fedha za maendeleo ziende kule zitakakoleta mazao mengi na ya haraka. Kwa lugha nyingine, kaskazini ingojee. Ndivyo ikawa watafiti wanatua kwa ndege ndogo kuyatafuta mafuvu, huku mtoto wa kijijini Ileret, karibu na mbuga, akitembea mwendo mrefu kuitafuta shule.

Mwaka wa 1997 UNESCO iliitia Sibiloi pamoja na Kisiwa cha Kati katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka wa 2001 ikaongeza Kisiwa cha Kusini. Tulishangilia. Wachache kati yetu tulisoma vigezo vilivyotumika: eneo hilo limesajiliwa kama urithi wa asili tu. Mamba wamo, tabaka za ardhi zimo, visukuku vimo. Wafugaji, wavuvi, visima vyao, njia zao za kuhamia malisho na matambiko yao havimo katika sababu zilizotajwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tulikuwa nalo. Nusu ya mali hatukuiandika.

Nusu hiyo ina ushahidi mwingi. Karibu na Ghuba ya Alia kuna mahali paitwapo Jarigole, ambako wafugaji wa kwanza wa eneo hilo walisimamisha nguzo za mawe ya volkano na kuzika wafu wao pamoja na shanga na mapambo. Hiyo ni takriban miaka 5,000 iliyopita, wakati mvua zilipopungua na ziwa likarudi nyuma. Watu waliokuwa wakipotewa na maji waliamua kujenga kitu kwa pamoja. Upande wa kusini mashariki wa ziwa, karibu na Loiyangalani, Waelmolo wameishi kwa samaki vizazi na vizazi. Lugha yao ya kale ilikoma kusemwa majumbani katika uhai wa kizazi changu, tukiwa bado tunahesabu mafuvu. Fuvu lingeweza kungoja miaka mia nyingine ardhini. Wazee wa mwisho waliojua lugha ile hawangeweza.

Sasa ziwa lenyewe liko mashakani. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na huko limejengwa bwawa la Gibe III na kufunguliwa mashamba makubwa ya miwa. Mwaka wa 2018 UNESCO iliiweka mbuga hii na visiwa vyake katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mvuvi wa Ileret anaishi na mabadiliko ya maji kila siku. Katika vikao vya kuamua hatima ya ziwa, sauti yake ndiyo ingepaswa kutangulia.

Wajukuu zangu, nyinyi mna silaha ambazo sisi hatukuwa nazo. Katiba ya 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Ipo sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka wa 2016. Ipo serikali ya kaunti huko Marsabit. Na utafiti haujakwisha: mwaka wa 2024 wanasayansi walitangaza nyayo za takriban miaka milioni 1.5 kutoka ukingo huohuo wa mashariki wa ziwa, za viumbe wawili tofauti wa ukoo wa binadamu waliopita kwenye tope moja. Ardhi ile bado inasema.

Basi daini haya, nasi tuliobaki tutayadai pamoja nanyi. Atakayeongoza uchimbaji wa Koobi Fora awe siku moja mtoto wa Ileret au North Horr, aliyesomeshwa kwa ajili hiyo. Njia za malisho na visima viandikwe kwenye mpango wa mbuga, na wenye visima wakae mezani mpango unapoandikwa. Kenya iombe Sibiloi itambuliwe kwa utamaduni wake pia. Na kabla ya hayo yote, mwenye simu mkononi aende kwa bibi yake, amuulize majina ya visima, ya milima na ya upepo, ayarekodi leo. Kazi hiyo haingojei ruhusa ya serikali, wala fedha za wafadhili.